Ruhusa ya Kumlia Futi

Siku barua ya masijala ilipofika, mama alikuwa na pini nne mdomoni na sketi ya shule begani, kwa hiyo aliyeisoma kwa sauti alikuwa mkwewe. Ilikuwa barua fupi, yenye adabu ya kiofisi. Ilisema kwamba kwa kuwa mtoto wake wa kwanza hajaonekana wala kusikika kwa miaka mitano kamili, familia inaruhusiwa kuomba cheti cha kifo. Fomu imeambatishwa, na mzazi atie saini palipowekwa alama. Mama alizitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kimto chake. Kisha akamwambia mkwewe aikunje ile karatasi vizuri na kuiweka kabatini, wamsubiri Wakili.

Wakili ndiye binti yake wa mwisho, na kusema kweli hakuwa wakili bado. Alikuwa mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili katika sheria ya kimataifa ya haki za binadamu, jina refu ambalo mama alilikariri kama namba ya simu na kuwatajia wateja bila kuruka neno. Mteja akija kupimwa kiuno tu, anaondoka anajua binti wa fundi anasomea nini.

Wakili alikuja Jumamosi. Mama akamwekea kiti karibu na cherehani, akaitoa karatasi mwenyewe.

“Mwanangu, hii nataka kuisaini.”

“Usisaini, Mama.”

“Kwa nini?”

“Ukisaini, umesema amekufa.”

“Kwani hajafa?”

Wakili akaiangalia sakafu iliyojaa vipande vya uzi wa bluu.

“Mimi si mtoto,” mama akasema taratibu. “Mtu hachukuliwi mchana na futikamba yake mkononi, miaka mitano ikapita, halafu awe mahali fulani anakula na kunywa. Nimemzaa mimi, najua. Nataka siku moja tu nikae chini, watu waje, waniambie pole, nilie mpaka ninyamaze mwenyewe. Basi. Halafu niendelee na sketi za watu.”

“Subiri kidogo, Mama. Kamati ikishaamua, utamlia.”

“Kidogo kiasi gani?”

“Mwaka. Ikizidi sana, mwaka na nusu.”

Mama akafikiri. Akaikunja karatasi, akairudisha kabatini. “Haya,” akasema. “Wewe ndiye uliyesoma.”

Huyo mtoto wa kwanza walimwita Futi tangu shuleni, kwa ufupi wake, na jina likamganda hata alipokuja kuwa mpima ardhi, kazi ambayo ilifanya watu wadhani ndiyo iliyompa jina. Alikuwa mcheshi, mwepesi wa kukopesha, mzito wa kusema uongo. Wakubwa wake walimtaka asogeze mawe ya mipaka kwenye ramani, watu wa mtaa mzima waonekane wamejenga kwenye ardhi ya mtu mwingine. Futi akakataa. Hilo lingeweza kuishia kwenye kugombezwa, lakini yeye akaandika ripoti na kutia saini yake chini. Wiki haikuisha. Wanaume wawili walimfuata mchana kweupe nje ya ofisi ya ramani, mbele ya mlinzi na wateja, wakamwingiza kwenye gari. Polisi wakasema hawamjui. Mahakamani faili likapotea, likapatikana, hakimu akahamishwa, na mwishowe kesi ikatupwa kwa sababu hakuna aliyeweza kuonyesha yule mtu yuko mikononi mwa nani. Hiyo ndiyo iliyompeleka dada yake kusoma tena. Aliambiwa kwamba ukishamaliza mahakama zote za nyumbani ukatoka mkono mtupu, kuna Kamati ya kimataifa unayoweza kuipelekea malalamiko.

Chuoni alimpata Profesa, mzee mkavu wa maneno ambaye hakuwahi kuonekana bila penseli nyuma ya sikio. Katika somo la nne Profesa alisema kuna makosa yanayotendeka yakaisha, na kuna makosa yasiyoisha. Kumtowesha mtu, alisema, si kosa la siku ile aliyochukuliwa. Linatendeka upya kila asubuhi, mpaka serikali iseme iko wapi roho ya watu. Wanafunzi wengine waliandika. Wakili aliinamia daftari akalia, kwa sababu miaka yote ile hajawahi kumsikia mtu wa sheria akisema kitu ambacho mama yake alikuwa anakijua tayari. Siku hiyohiyo aliandika kichwa cha tasnifu yake, na kabla ya mwisho wa muhula alikuwa amepeleka kesi ya kaka yake kwenye Kamati.

Sasa, hilo katazo la kusaini lilitoka wapi? Hapa inabidi tumseme binti wa watu, ingawa tunampenda. Alisoma maamuzi sitini na moja ya Kamati. Katika moja, serikali ilikuwa imejitetea kwamba familia ilishapokea cheti cha kifo, kwa hiyo jambo limekwisha. Kamati iliitupa kesi ile kwa sababu nyingine kabisa, na juu ya cheti haikusema lolote. Kimya. Na msomi akikuta kimya hukijaza, na mara nyingi hukijaza kwa hofu. Wakili aliandika katika tanbihi ya themanini na saba kwamba ni salama zaidi familia isiombe cheti, lisije kosa lisiloisha likahesabiwa limeisha. Profesa akaandika pembeni kwa penseli: *Tahadhari nzuri.* Maneno hayo mawili ndiyo yaliyosafiri mpaka kwenye chumba cha cherehani yakawa amri.

Angeweza kuuliza. Kulikuwa na mwanasheria mstaafu aliyefundisha jengo la pili, aliyewahi kufanya kazi na Kamati yenyewe miaka kumi. Kutoka mlango hadi mlango ni hatua mia tatu. Wakili alifika mpaka kwenye ngazi mara mbili. Aliona haya. Aliogopa kuonekana hajui jambo ambalo pengine kila mtu analijua.

Mama alilichukua lile katazo kama alivyochukua vipimo vya wateja, bila kuongeza inchi wala kupunguza. Jirani akija na uso wa huruma, alimkatisha mapema: “Pole ya nini? Mwanangu kesi yake inaendelea.” Fundi viatu wa mlango wa pili, rafiki yake wa utani, alimwambia, “Wewe mama, hata Mungu akitaka kukufariji itabidi aombe kwanza kibali kwa Wakili.” Mama akacheka mpaka akashika mbavu. Lakini mtaani hapo hakuna msiba uliompita. Hata akifa mtu aliyesalimiana naye mara mbili tu, mama alifunga cherehani, akaenda, akakaa katikati ya wafiwa, akalia kuliko wenye maiti. Watu walimsifu kwa moyo wa huruma. Binti yake naye alimsifu.

Mwaka ukaisha, na ile nusu yake ikaisha. Kamati ikaandika kwamba serikali imeomba kuongezewa muda.

Wifi mtu ndiye aliyechoka kwanza, mke wa Futi, mwanamke asiyejua kuzungusha maneno. Siku moja walikuwa wanaanika nguo uani, yeye na Wakili.

“Wifi, nikuulize.”

“Niulize.”

“Wewe ukimaliza kuandika utapata shahada. Sisi tutapata nini?”

“Tutapata haki, wifi yangu.”

“Haki. Sawa. Wanangu wakiulizwa shuleni baba yenu yuko wapi, unajua wanajibu nini? Wanasema yuko kwenye kitabu cha shangazi.” Akakamua shati mpaka maji yakaisha, akaendelea kulikamua. “Mimi si mjane, si mke. Mama naye anakwenda kulia kwenye misiba ya watu. Mwache mama asaini.”

“Sheria sikuitunga mimi.”

“Umeuliza mtu mwingine lakini?”

“Profesa wangu amekubali,” Wakili akasema, na damu ikampanda usoni, kwa sababu ule haukuwa uongo na haukuwa ukweli pia. Wifi akachukua beseni akaingia ndani. Siku tatu hawakusemeshana ila kwa kupitia watoto.

Tasnifu ilipita kwa alama za juu. Siku ya mahafali mama alivaa gauni alilojishonea mwenyewe, kitambaa kizuri cha zambarau, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine kwa vidole viwili. Wakili aliuona ule mkono akadhani ni haraka za wateja. Ukumbini mama aliweka mkoba wake kwenye kiti cha jirani, na kila aliyetaka kukaa alimwambia pana mtu. Profesa alipokuja kuwasalimia, mama akamshika mkono, kisha akageukia mlango kwa wasiwasi.

“Huyu kaka yako amechelewa wapi jamani? Nimemwambia saa nne.”

Profesa akainamisha kichwa kwa heshima. Alipomvuta mwanafunzi wake pembeni alimnong’oneza kwamba katika miaka yake yote hajaona shahidi asiyeteleza kama yule mama. Wakili akarudi kwenye viti akiwa na joho lake, akambana mama mkono.

“Umefanya vizuri sana, Mama.”

“Nimefanya nini?” mama akauliza.

Wakili akacheka. Alikuwa na furaha siku ile, na furaha ina upofu wake. Angemtazama mama machoni kwa kitambo kidogo tu, angeona kwamba hakuna aliyekuwa anaigiza pale.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa kuteremka. Sketi zikatoka na pindo kiunoni. Shati moja likashonwa mikono miwili ya kushoto, na mteja, mwalimu wa watu mwenye adabu, akalipokea bila kusema neno. Daktari alisema ni ugonjwa wa usahaulifu, hauna kurudi nyuma, ila utakuwa na siku zake nzuri. Wifi ndiye aliyempeleka, wifi ndiye aliyepiga simu. Wakili wakati huo alikuwa ameajiriwa katika kituo cha msaada wa sheria, mji mwingine, na meza yake ilikuwa imejaa kutoweshwa kwa watu wengine.

Kuna simu moja ambayo hataisahau maisha yake. Ilikuwa saa tatu asubuhi.

“Wifi, njoo leo,” sauti ilisema. “Mama ameamka yuko sawa kabisa. Ameniita kwa jina. Ameuliza ile karatasi iko wapi. Anasema anataka kumlia mtoto wake.”

“Leo?”

“Leo, ndiyo. Kesho sijui atakuwa nani.”

Wakili alishika simu akaangalia kalenda ukutani. Kamati ilikuwa inakaa mwezi ujao. Kesi yao ilikuwa kwenye orodha, ya saba. Miaka yote hii, alijiambia, halafu tuiharibu kwa wiki tano? “Mwambie asubiri kidogo tu,” akasema. “Mwezi mmoja. Nampenda, mwambie.”

Simu ikakatika.

Uamuzi ulifika asubuhi ya Jumanne, kurasa kumi na tisa. Ofisi nzima ilisimama nyuma ya kiti chake. Walishinda. Kamati ilisema bila kumung’unya kwamba Futi alichukuliwa na watu wa serikali, kwamba kosa hilo linaendelea mpaka leo, kwamba lazima atafutwe, hai au maiti, na waliomchukua wafikishwe mahakamani. Jina lake lilikuwa limeandikwa kamili, kwa herufi kubwa. Wenzake walipiga makofi. Mhudumu wa ofisi, aliyekuwa hajui ni kesi ya nani, naye alipiga makofi. Wakili alisema asante, asante, akaendelea kusoma, maana alifundishwa kusoma mpaka mwisho.

Aya ya kumi na nne ilikuwa na mistari minne. Ilisema kwamba serikali ilitaja cheti cha kifo katika majibu yake, na Kamati inaona jambo hilo halihitaji maelezo marefu. Hata kama familia ingekipokea cheti hicho siku ya kwanza, wajibu wa kumtafuta mtu wao usingepungua. Kuomboleza ni haki ya familia, na hakuna anayeweza kuwadai waiache ili wasikilizwe.

Aliisoma mara tatu. Makofi yalikuwa yamekwisha, watu wamerudi kwenye meza zao.

Profesa alipiga simu kabla ya saa sita. Sauti yake ilikuwa changa kwa furaha. “Aya ya kumi na nne umeiona? Safi sana! Ile shaka yetu ya tanbihi imeondolewa moja kwa moja. Kuna makala hapo, mwanangu, anza kuandika wiki hii.”

“Profesa, mama yangu nilimkataza kusaini.”

“Ndiyo. Ilikuwa tahadhari nzuri.”

“Nimemkataza kulia, Profesa. Miaka minne.”

Upande wa pili penseli ikasikika ikigongwa mezani. “Wakati ule hakuna aliyejua,” Profesa akasema.

“Walijua. Ndiyo maana wameandika mistari minne tu. Kwao halikuwa hata swali.” Akajisikia sauti inapanda, akaishusha. “Ningeuliza jengo la pili, ningejibiwa nikiwa nimesimama mlangoni.”

Hakungoja Profesa ajibu. Alichapisha ukurasa ule, akachukua mkoba wake, akaomba ruhusa, akapanda basi la saa saba.

Alifika jua bado kali. Wifi alikuwa mlangoni anachambua mboga. Wakili akampa ukurasa. Wifi akausoma wote polepole, akarudia, akaukunja. Wakili alikuwa amejiandaa kutukanwa, alitaka kutukanwa. Wifi akasema tu, “Leo si siku nzuri,” akasogea ampishe njia.

Mama alikuwa kwenye cherehani. Alikuwa amekonda, lakini mgongo umenyooka vilevile, na miguu inakanyaga kwa mwendo uleule wa zamani. Sindano haikuwa na uzi. Kitambaa kilikuwa kinapita chini yake kikitoka na vitundu vidogovidogo vilivyonyooka. Wakili akafungua kabati, akaitoa fomu, akapiga magoti kando ya kiti.

“Mama, shikamoo.”

“Marahaba, dada. Karibu. Ni ya kupunguza au ya kushona mpya?”

“Mama, ni mimi. Kamati imeamua. Unaweza kusaini sasa.” Akaiweka fomu mapajani mwake, na kalamu juu yake. “Unaweza kumlia Futi. Hata ungemlia tangu siku ile, isingeharibu kitu. Nilikosea. Nisamehe, Mama.”

Mama aliitazama karatasi kwa muda. Kisha akaichukua kwa ncha za vidole, akamrudishia, na uso wake ukawa na adabu ile anayompa mgeni asiyejua mwiko wa nyumba.

“Hapana, dada yangu. Hiyo sisaini. Samahani kama umetembea mbali.”

“Kwa nini, Mama?”

“Nina binti yangu ni mwanasheria. Anasomea sheria ya kimataifa ya haki za binadamu.” Hakuruka neno. “Amenikataza. Ni mpole, lakini kwenye kazi yake ni mkali yule! Akija akakuta nimesaini nitamweleza nini? Amehangaika sana na jambo hili. Siwezi kumwangusha.”

“Hatakasirika, Mama. Naapa.”

“Wewe humjui,” mama akasema, akacheka kidogo.

Wakili alijikaza. Alijikaza mpaka taya zikamuuma, kwa sababu alikuja kumliza mama na si kulia yeye. Kisha kitu kikakatika, akaweka paji la uso kwenye mbao ya cherehani akalia kwa sauti, kilio cha miaka tisa, mabega yanakwenda juu chini. Wifi akaja akasimama mlangoni na kisu cha mboga mkononi, naye machozi yanamtoka, hasogei.

Mama aliacha kukanyaga. Akanyanyua kile kitambaa chenye vitundu, akamfuta mgeni uso, shavu moja kisha jingine, kwa mkono uliozoea watoto.

“Jamani, pole. Pole, mwanangu. Umefiwa?”

“Ndiyo.”

“Na nani?”

“Na kaka yangu.”

“Maskini.” Mama akamvuta kichwa akakilaza mapajani mwake, akaanza kumpapasa nywele. “Basi lia. Lia tu, usijizuie, mtu wako ni mtu wako. Hapa hakuna wa kukukataza.” Akainua macho, akamwona mkwewe mlangoni. “Mletee maji huyu dada, kafiwa. Mimi siwezi kulia na mwenzangu vizuri leo, wa kwangu yupo.”